Namna ya Kuwa Kielelezo Chema kwa Vijana

Kijana hujifunza kwa macho kabla ya kujifunza kwa masikio. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa hewa, na watoto hao, walipoachwa na mwanasesere wa namna hiyo, waliiga mapigo na hata maneno kuliko wenzao ambao hawakuona kitendo hicho. Kwa hiyo anza kwa kuchunguza mwenendo wako: ukitaka kijana aweke simu kando wakati wa mazungumzo, yako itangulie kuwekwa.

Jambo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni namna unavyoshughulikia makosa yako. Unapomkaripia kijana kwa haraka kisha ukagundua kwamba hakuwa na hatia, mwendee, taja kosa lako bila visingizio, mwombe radhi, halafu mweleze utakavyofanya siku nyingine, kwa sababu hapo ndipo anapoona kwamba heshima haipotei kwa kukiri. Wazazi na walimu wengi huogopa hatua hii, nami naielewa hofu yao, lakini kijana huwa ameshaliona kosa lenyewe.

Timiza ahadi, hata iliyo ndogo. Msikilize mpaka amalize ndipo utoe ushauri. Akikuuliza jambo usilolijua, kiri kwamba hulijui, kisha tafuteni jibu pamoja, ili aone jinsi mtu mzima anavyojifunza.