Kukaa na Mungu kabla Goma haijaamka
Chagua saa yako ya sala na usiibadilishe. Saa kumi na moja alfajiri inafaa, kabla mbabula (majiko ya makaa) hazijawashwa na pikipiki hazijaanza kelele. Yesu naye alitoka kuomba kungali giza (Marko 1:35). Anza na dakika 15 tu. Wengi huanza na saa nzima, siku ya nne wanachoka, wanaacha.

Usiku andaa Biblia, kaye (daftari), biki (kalamu) na torshi, maana umeme unaweza kukatika. Telefone ilale chumba kingine: ukifungua ujumbe mmoja, sala imekwisha.

Soma Injili ya Marko, nusu sura kwa siku. Sura 16 zitakuchukua kama mwezi. Soma mara mbili, ya pili polepole, kwa sauti ndogo. Neno likikugusa, simama hapo hapo, liandike, kisha liombee: "Bwana, nifundishe kusamehe," ukimtaja yule jirani mliyegombana naye kwa ajili ya bidoni za maji. Hapo Neno linaanza kuingia nyumbani. Kisha nyamaza dakika 3. Kunyamaza ni kugumu kuliko kusema, lakini usikuruke.

Ukikosa siku, usifukuzie sura zilizopita; endelea ulipoishia. Mchana, kwenye foleni ya maji, rudia lile neno moyoni.