Kupiga picha ya mtu kwa kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5

Ugumu wote wa picha hii umo kati ya kufokasi na kufyatua. Ukishachomeka kasha la filamu nyuma ya kamera, kioo cha nyuma unachotazamia picha kimezibwa na huoni kitu tena. Unayempiga akiinama mbele kwa upana wa vidole vitatu, macho yametoka kwenye fokasi, nawe utajua wakati wa kusafisha filamu. Kwa hiyo jipange mapema.

1. Pakia filamu. Fanya hivi kwenye giza totoro. Ziba hata upenyo wa chini ya mlango. Futa vumbi kwenye makasha kwanza. Shika filamu wima: vikato vya ukingoni, unavyovipapasa gizani, vikiwa pembe ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama. Kibao cha kufunikia filamu kwenye kasha kikae upande mweupe nje, maana yake filamu bado haijapigwa.

2. Tafuta kivuli. Baraza linatosha. Mkalishe mtu karibu na ukingo, uso uelekee anga iliyo wazi. Jua la saa sita huchimba macho, liepuke.

3. Mkalishe vizuri. Aliyesimama huyumba bila kujijua. Mpe kiti chenye egemeo, mgongo uguse. Mimi hutumia lenzi ya milimita 210 kwa umbali wa mita moja na nusu hivi: unapata kichwa na mabega, na pua haikuzwi.

4. Fokasi. Fungua shata (kifuniko cha ndani ya lenzi kinachofyatuliwa) na tundu lote la lenzi, jifunike kitambaa cheusi, weka kikuza juu ya kioo na utazame jicho lililo karibu na kamera. Tazama kope, zinaonekana kirahisi kuliko mboni. Kwa umbali huo, tundu la lenzi likiwa f/5.6 linakupa kina cha fokasi cha sentimita 6 hivi tu. F/11, tundu dogo zaidi, inakaribia kukizidisha mara mbili. Mimi huchagua f/11.

Sasa chukua uzi. Funga ncha moja kwenye kamera, nyingine ifike kwenye shavu la mtu akiwa ametulia kwenye fokasi, kisha piga fundo hapo. Kabla ya kufyatua, vuta uzi mpaka shavuni: fundo likigusa, yupo mahali pake. Uondoe, piga. Napenda uzi kuliko kumwambia mtu asitikisike, maana akishaambiwa hivyo uso hukauka.

5. Pima mwanga. HP5 Plus, filamu nyeusi-nyeupe ninayotumia, ina wepesi wa ISO 400, lakini mita yangu ya mwanga naiweka 200 ili vivuli vipate maelezo. Halafu pima kwa rula toka lenzi hadi kioo. Lenzi ya milimita 210 kwa mita moja na nusu hutoka kama milimita 244. Gawa 244 kwa 210, zidisha jibu kwa lenyewe: 1.35. Hiyo ni karibu nusu hatua ya mwanga inayopotea kwenye mvukuto, yaani mfuko wa mikunjo ulio kati ya lenzi na kioo. Mita ikisema f/11 kwa sekunde 1/60, weka lenzi kati ya f/8 na f/11.

6. Piga. Fuata mpangilio huu kila mara: funga shata, punguza tundu la lenzi, kaza shata, chomeka kasha taratibu, chomoa kibao. Ukichomoa kibao shata ikiwa wazi, filamu imekwisha.

Kisha toka nyuma ya kamera, usimame kando yake na waya wa kufyatulia mkononi. Mpiga picha Richard Avedon alisimama hivyo alipopiga watu wa magharibi ya Marekani kwa kamera ya inchi 8 kwa 10, kati ya 1979 na 1984. Mtu akiona uso wako, anakuwa na wa kumtazama. Zungumza naye. "Mzee, vuta pumzi, uitoe polepole." Pumzi ikiisha, mwili hutulia kidogo; fyatua hapo. Rudisha kibao, upande mweusi nje.

7. Piga ya pili, usafishe moja. Kwa pozi hilo hilo tumia filamu mbili. Dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa na maji kiasi sawa, nyuzi 20, huchukua dakika 13 kwa filamu iliyopigwa 400. Kwa 200 napunguza kidogo. Maji ya bomba Dar es Salaam ni moto mno, hivyo zungushia chombo cha dawa barafu kwenye beseni, usiitie barafu ndani ya dawa. Filamu ya kwanza ikitoka nyepesi, ongeza dakika kwa ya pili. Ikiwa nzito, punguza.