Tumbo lisilopona: jinsi nilivyojifunza kuomba kipimo kinachofaa

Kwa miaka minne niliambiwa nina vidonda vya tumbo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na kabla ya hapo nilikaa Kayenze, nikiingia ziwani mpaka kiunoni kupokea mzigo mitumbwi ikifika. Tumbo lilinisokota, leo choo kigumu, kesho naharisha, mara kina damu kidogo, na mwili hauna nguvu. Kila zahanati niliyoingia nilitoka na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Dawa ikiisha, tumbo linarudi palepale. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze mwaka ule wa kwanza.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika maumivu yanakuja saa ngapi, yako juu ya kitovu au chini, umekula nini, choo mara ngapi na cha rangi gani. Andika kila dawa uliyomeza, hata ile uliyonunua duka la dawa bila cheti. Ukiingia kwa daktari umeshasahau nusu ya mambo, na yeye ana foleni nje. Mimi nilipofungua daftari langu mezani, daktari alisoma kimya, kisha akaniuliza: "Mama, huko Kayenze ulikuwa unaingia majini?" Miaka minne hakuna aliyeniuliza hilo, na mimi sikujua kama lina maana.

Kwa hiyo sema unakaa wapi na unafanya kazi gani, hata usipoulizwa. Wengi wetu tunajua kichocho ni kukojoa damu. Lakini huku ziwani kipo cha tumbo. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi, na minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine hutoka na choo, mengine hunasa kwenye ini. Yakikaa miaka, ini linapata makovu, bandama inavimba, na mtu anaweza kuja kutapika damu.

Kipimo chake ni choo chini ya darubini, na hapa ndipo watu wanapopotea. Kwa njia inayotumika sana, fundi wa maabara anaangalia miligramu 41.7 tu za choo, kipande kidogo mno, na mayai hayatoki sawa kila siku. Choo changu cha kwanza kilionekana safi. Cha pili, safi. Mayai yalionekana kwenye cha tatu. Ningeishia kile cha kwanza ningerudi kwenye omeprazo yangu. Omba kurudia siku tofauti, na ukisikia wana kipimo cha mkojo cha kichocho cha tumbo, ulizia hicho pia. Choo kiwe kwenye kikopo cha maabara, si boksi la kiberiti kama zamani, kisichanganyike na mkojo, na kifike kingali kibichi, maana amiba, kijidudu kingine cha tumbo, hufa haraka na haonekani vizuri choo kikingoja mpaka mchana.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, baada ya kula. Nilikuwa na kilo 60, nikapewa vidonge vinne vya miligramu 600. Ile albendazo tunayonunua kila miezi michache kama dawa ya minyoo haiui kichocho.

Sasa vidonda vya tumbo. Vipo, na vingi vinasababishwa na bakteria aitwaye H. pylori. Shida ni kipimo. Cha damu kinaonyesha kinga ambayo mwili ulitengeneza, na kinga hiyo inaweza kubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa, kwa hiyo ukishatibiwa hakikuambii kama umepona. Cha choo, au cha kupuliza pumzi mahali kilipo, ndicho kinachoonyesha bakteria aliyepo leo. Lakini omeprazo inamficha: isimamishwe wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne. Usiziache kimyakimya, mwambie daktari akupangie.

Taifodi nayo. Huku mtaani kila tumbo ni taifodi, mtu anachomwa sindano siku saba kwa sababu ya kipimo kimoja cha damu kiitwacho Widal. Kipimo hicho kinaweza kuwa chanya kwa mtu asiyeumwa, kwa sababu aliwahi kukutana na vimelea hivyo. Tumbo la miezi sita bila homa, mimi siamini ni taifodi, na namwomba kila mtu aulize kabla ya sindano.

Ultrasaundi inaona ini, bandama na mawe ya nyongo. Kidonda ndani ya tumbo haikioni. Anayeona kidonda ni kamera inayoshushwa kooni, unaenda hujala tangu usiku, na daktari anaweza kuchukua kinyofu akipime. Hapa Mwanza watu wengi hupewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando. Kamera si ya kila mtu, ila usingoje ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, chakula kinakwama kooni, unapungua kilo bila sababu, au tumbo limeanza kukusumbua ukiwa mtu mzima wa makamo. Na kama unaharisha zaidi ya mwezi, kubali kupima VVU, kunaokoa muda.

Swali moja limenisaidia kuliko yote. Kabla ya kulipia kipimo, nasema kwa heshima: "Shikamoo daktari. Naomba kuuliza, hiki kikiwa safi, kitakuwa kimeondoa ugonjwa upi, na upi utabaki haujaangaliwa?" Daktari mwema hakasiriki. Majibu yote nadai karatasi, naibandika kwenye daftari, nisije nikalipia kitu kilekile mara mbili.

Wiki hii ni zamu ya wifi yangu wa Igombe, tumbo lake linamsumbua tangu mwaka jana. Nimempa vikopo vitatu. Cha kwanza anapeleka Jumatatu, cha pili Jumatano, cha tatu Ijumaa. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake tumeandika pamoja: anafua nguo ziwani tangu akiwa mtoto.