Jinsi ya Kumwandalia Mbunge Wako Swali la Kumuuliza Waziri

Mkazi wa Nairobi ambaye mfereji wake umekauka kwa miezi, au ambaye barabara ya mtaa wake ilichimbuliwa kisha ikaachwa hivyo hivyo, ana njia kadhaa za kulalamika, na nyingi kati ya hizo huishia kwenye daftari la ofisi fulani. Njia moja haitumiwi inavyostahili, nayo ni swali la bungeni. Swali lililoandikwa vizuri humlazimu waziri kutamka mbele ya wabunge, kwa maneno yanayonakiliwa na kuhifadhiwa, ni kazi gani imefanywa, kwa fedha kiasi gani, na itakamilika lini. Naamini kwamba ubora wa jibu la waziri huamuliwa mtaani, kabla karatasi haijafika kwa Spika, na ndiyo maana mwongozo huu unawalenga wakazi wenyewe zaidi ya wabunge.

Kabla ya uchaguzi wa 2013, mawaziri wa Kenya walikuwa wabunge na walijibu maswali wakiwa wameketi ukumbini pamoja na wenzao. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, lakini haikuwaondolea wajibu wa kujibu: Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapohitajika, na ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Kwa miaka kadhaa majibu yakawa yanatolewa kwenye vyumba vya kamati, ambako wananchi wachache huyafuatilia. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, Kanuni za Kudumu zilifanyiwa marekebisho na mawaziri wakaanza kufika ukumbini kujibu maswali ana kwa ana. Nafasi hiyo ina thamani kubwa kwa mtaa wowote ulio tayari kuitumia.

Mjue mwenye kazi kabla ya kuandika neno

Kosa linaloua maswali mengi ni kumuuliza waziri wa serikali ya kitaifa jambo ambalo Katiba imelikabidhi kaunti. Waziri hujibu kwa sentensi moja kwamba huduma hiyo imegatuliwa, kisha anaketi, na hapo nafasi ya mbunge imepotea bure. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa kazi, na kila kundi la wakazi linapaswa kulisoma. Kaunti imepewa huduma za afya za kaunti, uzoaji taka, masoko, zimamoto, taa za barabarani, usambazaji wa maji na uondoaji wa maji taka, barabara za kaunti na elimu ya chekechea. Serikali ya kitaifa imebaki na elimu ya msingi na ya sekondari, hospitali za kitaifa za rufaa, polisi na barabara kuu, pamoja na mambo mengine.

Mpaka huo wakati mwingine hupita katikati ya uwanja mmoja. Katika shule ya umma yenye chekechea, mtoto wa miaka mitano anahesabiwa upande wa kaunti, ilhali kaka yake aliye katika jengo la pili, Gredi ya Kwanza, yuko chini ya Wizara ya Elimu. Hata akiwa huko, uhaba wa walimu wake si jambo ambalo waziri anaweza kulitatua peke yake, kwa sababu kuajiri na kuwapanga walimu ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu, ambayo ni tume huru ya kikatiba. Swali kuhusu madarasa yanayovuja liende kwa waziri. Swali kuhusu walimu lielekezwe kwa tume hiyo kupitia Bunge.

Hospitali nazo zina mgawanyo wake. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Mathari ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ni za kaunti. Kwa upande wa maji, sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a. Shirika la Athi Water, lililo chini ya Wizara ya Maji, hujenga mitambo na mabomba makubwa, na Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi, ambayo ni ya kaunti, huyasambaza hadi majumbani. Kwa hiyo, ikiwa tatizo ni bomba kuu ambalo halijafikishwa upande wenu wa jiji, anayepaswa kujibu ni waziri. Ikiwa bomba lipo na maji hayatoki, mlango wa kubisha ni wa kaunti.

Barabara zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu macho hayawezi kukuambia barabara ni ya nani. Barabara ya Thika iko mikononi mwa KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, Outer Ring ilijengwa na KURA, mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na vichochoro vingi vya mitaani ni vya kaunti. Isitoshe, kati ya 2020 na 2022 kazi kadhaa za kaunti zilihamishiwa serikali ya kitaifa na kusimamiwa na Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyojulikana kwa ufupi kama NMS, ndipo zikarudishwa. Mradi ulioanzishwa katika kipindi hicho unaweza kuwa na mzazi mmoja aliyeuanzisha na mlezi mwingine aliyeurithi, na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Tafuteni ubao wa mradi, au picha yake ya zamani, na msome jina la taasisi iliyotoa kandarasi.

Mkigundua kuwa jambo ni la kaunti, msilitupe. Nairobi ina wadi 85, na kila moja ina mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti pale City Hall. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaziruhusu kamati za bunge hilo kumwita waziri wa kaunti na kumtaka ajibu maswali. Utaratibu ninaoueleza hapa chini unafaa huko pia, kwa mabadiliko machache.

Kusanyeni ushahidi unaoweza kusimama

Mbunge anayeuliza swali anabeba dhamana ya ukweli wa yaliyomo. Mkimpa uvumi, mtamwaibisha, na hatapokea karatasi yenu tena. Andikeni tarehe ambayo huduma ilikatika au kazi ilisimama, mahali hasa, na idadi ya nyumba au wanafunzi walioathirika kama mlivyowahesabu wenyewe. Pigeni picha zinazoonyesha alama inayotambulika, kama vile lango la shule au jina la kituo cha matatu, kwa maana picha ya shimo peke yake inaweza kuwa ya mahali popote. Wekeni nakala za barua mlizokwisha kuandika na majibu mliyopata. Majina ya wagonjwa na nambari za vitambulisho vya watu hazina nafasi katika faili hilo.

Ikiwa taasisi inaficha takwimu, iombeni rasmi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Pale ambapo habari inagusa uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Ofisi ikikaa kimya, kimya hicho nacho ni ushahidi, na mbunge anaweza kukitaja anaposimama.

Andikeni swali ambalo haliwezi kukwepwa

Chukueni mfano wa barabara ya KURA iliyoachwa nusu, na mtaro wazi ukipita mbele ya shule ya msingi. Wakazi wenye hasira huandika hivi: "Je, Waziri anajua kwamba wananchi wanateseka kwa sababu ya ufisadi, na ni lini serikali itaacha kuwapuuza watu wa Eastlands?" Hasira hiyo ina haki yake, lakini swali hilo huenda lisivuke hata ofisi ya Karani wa Bunge, kwa sababu lina tuhuma isiyothibitishwa na linaomba maoni. Likivuka, waziri atasema kwamba serikali haimpuuzi mtu yeyote, na atakuwa amelijibu.

Linganisheni na hili: "Je, Waziri wa Barabara na Uchukuzi anaweza kulieleza Bunge (a) ni kwa nini ujenzi wa barabara iliyotajwa, uliosimamiwa na KURA, umesimama tangu mwezi Mei, (b) mwanakandarasi amelipwa kiasi gani hadi sasa, na ni sehemu gani ya kazi iliyokaguliwa na kukubaliwa, (c) kazi itarejelewa na kukamilika tarehe gani, na fedha zake zimo katika bajeti ya mwaka gani wa fedha, na (d) ni hatua gani za dharura zimechukuliwa ili watoto wavuke mtaro huo salama?"

Kila sehemu hapo inadai jibu la aina yake: sababu, kiasi cha fedha, tarehe, na hatua ya sasa hivi. Sehemu ya pili ndiyo naipenda zaidi, kwa kuwa inaweka malipo kando ya kazi iliyokubaliwa, na pengo likiwapo litaonekana bila mtu yeyote kuitwa mwizi. Jina la barabara, wadi na eneobunge yaandikwe kamili. Msichanganye barabara na transfoma iliyoungua katika swali moja, kwani hizo ni wizara mbili. Msiulize jambo lililo mbele ya mahakama, wala lile ambalo limekwisha kujibiwa kikamilifu katika kikao hicho hicho cha Bunge. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala zilizo kwenye tovuti ya Bunge, itawaonyesha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa mujibu wa Kifungu cha 120, hivyo hakuna sababu ya kukodisha mtu wa kuwatafsiria.

Mkabidhini mbunge kwa wakati unaofaa

Bunge la Taifa hukaa kwa kawaida Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa na Jumatatu ndizo siku za kumtafuta mbunge katika ofisi ya eneobunge. Barua iwe ya ukurasa mmoja, ianze kwa "Mheshimiwa", itaje ombi katika aya ya kwanza, na swali lenyewe liambatishwe likiwa tayari kuwasilishwa. Chagueni watu wawili au watatu wa kuipeleka, na mmoja wao awe mzee wa mtaa au mwalimu anayeheshimika na pande zote za siasa, ili barua isionekane kuwa ya mpinzani. Ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mbunge wa eneo akisitasita, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Nairobi pia ni mwanachama wa Bunge la Taifa na anawakilisha maeneobunge yote 17. Seneta naye anaweza kuuliza katika Seneti, hasa pale ambapo jambo linagusa fedha zilizotumwa kwa kaunti.

Kuhusu majira, nashauri swali linalohitaji fedha liulizwe kati ya Februari, Bunge linaporejea, na mwisho wa Aprili. Makadirio ya bajeti lazima yafikishwe Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha kuisha tarehe 30 Juni. Ahadi ya waziri iliyotolewa Machi inaweza kutafutwa katika makadirio hayo. Ya Julai italazimika kungoja mwaka mzima.

Siku ya jibu

Swali likikubaliwa na Spika, litachapishwa katika ratiba ya shughuli za siku hiyo. Vikao hupeperushwa, na Kifungu cha 118 kinamhakikishia mwananchi haki ya kuingia kuvisikiliza. Lakini kazi kubwa ya siku hiyo ni maswali ya nyongeza. Waziri atasoma jibu lililoandikwa na maofisa wake, na mara nyingi litasema kwamba serikali inafahamu changamoto hiyo na kazi itaendelea fedha zikipatikana. Mbunge ambaye hakuandaliwa hushukuru na kuketi. Yule aliyeandaliwa huinuka na kuuliza: fedha hizo ziliombwa kwa Hazina ya Kitaifa tarehe gani, na kiasi gani kiliombwa? Waziri akisema mwanakandarasi ndiye aliyechelewa, nyongeza iwe: ametozwa adhabu gani kwa mujibu wa mkataba? Akisema kazi imekamilika, mbunge aoneshe picha ya wiki hiyo na aulize ni ofisa gani aliyeikagua. Mpeni mbunge nyongeza hizo zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, pamoja na jibu linalotarajiwa kando ya kila moja.

Baada ya jibu

Pakueni Hansard ya siku hiyo na mpige mstari chini ya kila ahadi yenye tarehe. Ibandikeni nakala kwenye ofisi ya chama cha wakazi, msikitini, kanisani, sokoni, na mtume nyingine kwa mkurugenzi wa taasisi inayohusika mkimwomba awapangie siku ya kukagua kazi pamoja. Wiki mbili kabla ya tarehe iliyoahidiwa, nendeni mkapige picha palepale mlipopiga za kwanza.

Tarehe ikipita bila kazi kufanyika, jambo hilo sasa ni ahadi ambayo serikali ilitoa mbele ya Bunge na haikuitimiza. Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji, ambayo jukumu lake ni kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi za namna hiyo. Mwombeni mbunge aiandikie akitaja tarehe na ukurasa wa Hansard. Sambamba na hilo, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni, na utaratibu wake umewekwa na sheria ya 2012. Ombi hilo liambatanishwe na swali la awali, jibu la waziri na picha za nyakati zote mbili, kisha lifikishwe kwa Karani wa Bunge likiwa na sahihi za wakazi.