Somo: Kutoa polisakaridi za antioksidanti kwenye majani ya mlonge

Polisakaridi ni minyororo mirefu ya sukari, na ndani ya jani la mlonge zimechangamana na protini, klorofili na polifenoli, yaani kemikali nyingine za mimea. Hizi polifenoli ndizo zinazowapotosha wengi, kwa kuwa zenyewe ni antioksidanti kali, yaani huzuia uharibifu unaoletwa na oksidisheni. Zikibaki kwenye unga wako, utazisifia polisakaridi kazi iliyofanywa na wengine.

Kausha majani kivulini, uyasage na kuyachekecha, kisha uloweke unga katika ethanoli ya asilimia 80 kwa saa kadhaa huku ukikoroga. Mchujo wa kwanza hutoka kijani kizito mithili ya maji ya kisamvu. Umwage kwenye chombo cha taka, utie ethanoli mpya, na urudie mpaka mchujo uwe karibu hauna rangi. Polisakaridi haziyeyuki humo, hivyo hubaki kwenye unga. Mara yangu ya kwanza niliiruka hatua hii, nikapata matokeo yaliyokaribia ya vitamini C, nikafurahi mno. Niliporudia kwa kuosha ipasavyo, nguvu ile ilishuka sana.

Unga ukishakauka kabisa, maana mvuke wa ethanoli hushika moto upesi, changanya gramu 10 na mililita 200 za maji yaliyokenekwa, upashe moto kwa nyuzi 80 hadi 90 kwa saa 2. Chuja, zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili chembe zitengane na maji), halafu upunguze maji hadi yabaki robo. Sasa mimina ethanoli ya asilimia 95, mara 4 ya ujazo wa mchujo uliobaki, kidogo kidogo huku ukikoroga: utaona nyuzi hafifu nyeupe zikijikusanya kama pamba. Acha usiku mzima kwenye jokofu. Mashapo yake yayeyushe katika maji, uondoe protini, uyatie kwenye mfuko wa dayalisisi (unaopitisha molekuli ndogo tu na kubakisha kubwa) kwa siku 2, kisha uyakaushe.

Jumla ya sukari hupimwa kwa fenoli na asidi ya salfuriki kwenye nanomita 490. Uwezo wa antioksidanti hupimwa kwa kemikali iitwayo DPPH kwenye nanomita 517, ambapo rangi yake ya zambarau hufifia na kuwa ya njano ikikutana na antioksidanti.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kutumia spiriti ya dukani?*
Hapana, ndugu yangu. Mara nyingi imetiwa rangi na methanoli, na vyote viwili vitaingia kwenye sampuli.

*Unga wangu umetoka wa kahawia. Nimekosea wapi?*
Huenda polifenoli hazikuisha. Rudia kuosha, na unapopima DPPH uweke pia sampuli isiyo na DPPH, ili rangi yake yenyewe uitoe kwenye hesabu.

*Nitajuaje kama nilichopata si wanga tu?*
Dondoshea iodini kwenye myeyusho uliopoa. Ukigeuka buluu iliyokoza, wanga umo. Uvunje kwa kimeng'enya cha amilesi kabla ya dayalisisi, na sukari ndogo zitakazotokea zitapita kwenye mfuko.