Unatafuta kesi ya zamani ya London? Anza na tarehe, jina baadaye

Kama una ndugu aliyeshtakiwa London miaka ya sitini na unataka faili lake, cha kwanza kujua ni kama kesi ilikuwa kabla au baada ya tarehe 1 Aprili 1965. Siku hiyo ndo kaunti ya London na ya Middlesex zilikufa, ikaja Greater London yenye manispaa 32 ukiacha City (kale kaeneo ka kale katikati ya jiji), na shida ni kwamba mahakama zilipangwa kwa kaunti hizohizo zilizofutwa, ndo maana Bunge lilishapitisha sheria ya Administration of Justice Act 1964 kupanga upya nani ahukumu wapi.

Kesi ya kabla ya hapo fuata kaunti ya zamani. Romford ilikuwa Essex, Bromley ilikuwa Kent, Tottenham ilikuwa Middlesex. Wengi wanakwama hapa jamani, wanaona leo pote panaitwa London basi wanachimba nyaraka za London tu na faili halipo huko.

Ya baada ya hapo tafuta manispaa kwanza. Zile 12 za katikati zilikuwa eneo moja, Inner London, na 20 za pembeni zikagawanywa maeneo manne: North East, South East, South West, na Middlesex, yaani kaunti imefutwa ila jina limebaki mahakamani! Kwa hiyo Romford unaipata Havering, North East. Bromley ni South East. Tottenham iko Haringey, eneo la Middlesex. City ilibaki na mahakimu wake.

Halafu angalia uzito wa kosa. Dogo liliishia kwa hakimu, la kati lilienda vikao vya robo mwaka (quarter sessions) mbele ya juri, na mauaji ya baada ya tarehe hiyo ya 1965 yalienda Old Bailey, mahakama kubwa ya jinai ya London. Vikao hivyo vilifutwa, toka 1 Januari 1972 ni Crown Court, usichanganye.

Mafaili ya Old Bailey mengi yako National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa kule Kew, tafuta herufi CRIM. Vikao vya Middlesex na Inner London uliza The London Archives (zamani London Metropolitan Archives), Clerkenwell. Ila mafaili mengine bado yamefungwa kwa umma, kwa hiyo kabla hujakata tiketi waandikie imeili, weka jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye pasi yake, mwezi na mwaka, manispaa na kosa.