Profaili ya muda katika Jeshi la Marekani: mwisho wake ni lini, na la kufanya kabla mwaka haujaisha

Katika Jeshi la nchi kavu la Marekani, profaili ya muda, yaani karatasi ya daktari inayosema ni kazi zipi askari mgonjwa au aliyeumia asifanye kwa kipindi fulani, huandikwa kwa siku zisizozidi 90 kwa mkupuo. Inaweza kuongezwa, kisha kuongezwa tena, lakini kwa ugonjwa au jeraha lilelile haipaswi kupita miezi 12 tangu ya kwanza ilipotolewa. Ukifika hapo lazima uamuzi utoke: umepona na unarudi kwenye kazi zote, unapewa profaili ya kudumu, au faili lako linapelekwa kwenye bodi inayopima kama unafaa kubaki jeshini. Msingi wa utaratibu huu ni kanuni ya AR 40-502 na kijitabu chake DA PAM 40-502. Vigezo vya nani anaweza kubaki jeshini kiafya viko katika sura ya 3 ya AR 40-501. Jeshi la Wanamaji na Jeshi la Anga wana fomu na taratibu zao, kwa hiyo usichukue hesabu za huku ukazipeleka kule.

Kosa linalowaumiza askari wengi ni kudhani kwamba kila karatasi mpya inaanzisha upya saa ya hiyo miezi 12. Saa haianzi upya. Ukipewa profaili ya goti tarehe 10 Januari kwa siku 30, ikaongezwa siku 60, kisha 90, miezi 12 yako inaisha tarehe 10 Januari ya mwaka unaofuata, hata kama madaktari watatu tofauti ndio walioandika. Jeraha jingine kabisa, kama bega, lina saa yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika tarehe ya profaili ya kwanza mahali usipopasahau, kisha kuweka alama kwenye kalenda ya miezi 3, 6, 9 na 12 kuanzia hapo.

Kazi ya pili ni kuisoma karatasi yenyewe siku hiyohiyo, kabla hujatoka kliniki. Fomu ni DA 3349, na daktari huijaza kwenye mfumo wa e-Profile, ambako kamanda wako naye anaiona. Chiti kidogo cha mgonjwa unachopewa kwa homa au mafua ya siku chache ni kitu kingine, wala kisitumike kubeba jeraha la wiki kadhaa. Kwenye DA 3349 angalia tarehe ya kuisha, angalia kama imeandikwa kuwa ni nyongeza ya profaili ya awali au ni mpya, kisha soma makatazo moja baada ya jingine. Utakuta pia herufi sita, PULHES: uwezo wa mwili kwa jumla, mikono na mabega, miguu na nyonga, masikio, macho, na afya ya akili. Kila herufi hupewa namba kuanzia 1 hadi 4; 1 ni mzima, 4 ni tatizo zito. Alama ya T inaonyesha kuwa kizuizi ni cha muda, P ni cha kudumu.

Makatazo yawe mahususi. "Asifanye kazi nzito" haimsaidii mtu. Sajini atalielewa kwa namna yake, wewe kwa namna yako, na mabishano yataishia kwenye mgongo wako. Mwombe daktari aandike uzito wa juu unaoruhusiwa kuinua, umbali wa kutembea, muda wa kusimama, na hasa unachoweza kufanya: kuendesha baiskeli ya mazoezi, kuogelea, mazoezi ya mikono. Profaili haikuondoi kwenye mazoezi ya asubuhi. Inakutaka ufanye yale yasiyokatazwa, na kamanda ana haki ya kuyadai. Akikuamuru jambo lililokatazwa, mwonyeshe fomu kwa heshima, na mwombe azungumze na aliyeiandika. Naye akiona makatazo hayalingani na hali anayoiona, njia yake halali ni kuomba upimwe upya.

Sasa vituo vya njiani. Jeraha likiendelea kwa miezi kadhaa, unapaswa kuwa mikononi mwa bingwa wa eneo hilo, ambaye ataamua kama profaili ya muda iendelee, igeuzwe ya kudumu, au kama hukidhi tena vigezo vya kubaki. Ikipita miezi 6, swali hilohilo huulizwa tena na majibu ni yaleyale, isipokuwa sasa hakuna nafasi nyingine ya kusubiri zaidi ya ule mwezi wa 12. Ndiyo maana tunasisitiza siku 90 za kwanza kuliko zote zinazofuata. Omba rufaa ya fiziotherapia katika wiki za mwanzo. Ukiambiwa kipimo cha MRI au bingwa anapatikana baada ya wiki sita, kubali tarehe hiyo papo hapo, kisha uliza kama kuna orodha ya nafasi zinazoachwa na wengine. Askari anayefika mwezi wa tano ndipo apate kipimo cha kwanza ana nusu mwaka na kidogo tu wa kutibiwa, na upasuaji wa goti peke yake, pamoja na kujifunza kutembea na kukimbia tena, unaweza kuumeza huo wote.

Jambo jingine linaloharibika mara kwa mara ni pengo. Profaili inaisha Ijumaa, miadi ni Alhamisi inayofuata, na katika siku hizo sita kwenye mfumo wewe ni mzima kabisa. Unaweza kupangiwa matembezi ya mzigo mzito na usiwe na karatasi ya kujitetea. Weka miadi ya kuongeza siku 14 kabla ya tarehe ya kuisha. Kukosa miadi nako kunagharimu, maana kila miadi uliyokosa inabaki kwenye faili, na bodi ikilifungua itaona mtu asiyefuata matibabu. Kama kikosi ndicho kilichokuzuia kwenda, mwambie muuguzi aandike hivyo.

Uamuzi wenyewe haungojei mwezi wa 12 kila mara. Kuna hatua inayofupishwa MRDP: hali yako imetulia, mwelekeo wa kupona unatabirika, na inaonekana huenda hutaweza kufanya kazi za fani yako. Daktari akiona umefika hapo mwezi wa nane, ana wajibu wa kuchukua hatua mwezi huohuo. Kipimo kikubwa ni kazi za msingi za askari yeyote: kubeba na kufyatua silaha yake, kupanda gari la kijeshi kwa saa 12 akiwa amevaa vifaa vya kujikinga, kuvaa kofia ya chuma, fulana ya kinga na mikanda ya kubebea vifaa kwa saa 12, kuvaa barakoa na nguo kamili za kujikinga na kemikali kwa saa 2 mfululizo. Zungumza na daktari juu ya kazi hizi moja moja na useme ukweli. Ukisema unaweza ili uonekane jasiri, faili litasema umepona. Ukisema huwezi wakati unaweza, utaanzisha mchakato ambao ni mgumu kuurudisha nyuma.

Profaili ya kudumu yenye 3 au 4 inahitaji saini mbili. Kama bado unakidhi vigezo vya kubaki, hufanyika mapitio ya kiutawala, MAR2, kuangalia kama ubaki kwenye fani yako au uhamishiwe nyingine. Kama hukidhi, faili huenda kwenye bodi ya tathmini ya kitabibu, MEB, kisha bodi ya PEB inayoamua kama unafaa kuendelea na utumishi. Mchakato huu unaitwa IDES na unaunganisha Jeshi na Idara ya Maveterani, hivyo unapimwa mara moja kwa ajili ya pande zote mbili. Ukionekana hufai na ulemavu ukakadiriwa asilimia 30 au zaidi, unastaafishwa kiafya; chini ya hapo, na ukiwa na miaka pungufu ya 20 ya utumishi, hutolewa kwa malipo ya mkupuo. Tangu siku ya kwanza una haki ya wakili wa Jeshi asiyelipisha. Mtafute kabla ya kutia saini chochote, kwa sababu siku za kujibu matokeo ya MEB ni chache mno.

Hesabu hii ya mwaka ina pacha wake: tangu Oktoba 2018, askari asiyeweza kupelekwa operesheni kwa zaidi ya miezi 12 mfululizo huchunguzwa kama abaki.

Profaili ikiisha hulazimishwi kufanya jaribio la siha kesho yake. Unapewa muda wa kujiandaa ulio mara mbili ya urefu wa profaili, lakini usiozidi siku 90. Profaili ya siku 30 inakupa 60. Ya siku 60 inakupa 90, si 120. Mama aliyejifungua ana utaratibu wake: hafanyi jaribio rasmi kwa siku 365 baada ya kujifungua.

Walio kwenye Jeshi la Akiba au Walinzi wa Kitaifa wana sharti moja la ziada, na ndilo linalosahaulika zaidi. Jeraha lililopatikana kazini lazima lithibitishwe kuwa limetokea katika utumishi, kuanzia na fomu ya DA 2173. Iombe kabla zamu hiyo haijaisha, ukiwa na majina ya walioshuhudia na karatasi ya kliniki ya siku ile. Bila uthibitisho huo, matibabu na malipo ya kipindi usichoweza kufanya kazi yatakwama, na bodi itaamua tu kama unafaa au hufai, bila fidia ya ulemavu.